Taa ya Siku Mia Moja

Ijumaa kwetu ni siku ya mbio. Sisi ni Waadventista, na jua likishatua siku hiyo kazi zote husimama hadi jioni ya Jumamosi. Kwa hivyo nikitoka shule mimi hufua sare, hupaka viatu rangi na kuchemsha maharagwe ya Sabato, huku Mama akirudi mbio kutoka soko la Migori anakouza ndizi. Mdogo wangu Elkana, mwenye miaka saba, husaidia kwa kutumwagia maji sakafuni.

Kazi ya mwisho ni simu. Nyumba yetu ina simu moja tu, ya Mama. Sabato haichezewi; huwekwa kikapuni juu ya kabati ikiwa na sauti ya juu, ili mtu akipatwa na shida atupate. Wa kuiweka na kuishusha ni mimi. Na kwa miezi mitatu nilikuwa naweka simu nyingine kabisa, simu mbovu ya zamani niliyoivalisha kava ileile ya buluu. Ile nzima ilikuwa mfukoni mwangu. Ni watu wachache wanaotupigia siku ya Sabato, basi hakuna aliyegundua. Nilijiona mjanja kweli.

Kilichonifikisha hapo ni mchezo wa mtandaoni unaoitwa Milango Saba. Tulikuwa kikosi cha watu wanne ambao hatujawahi kuonana. Kiongozi wetu, tuliyemwita Kamanda, alisema anakaa Homa Bay. Wenzangu walipigana na majitu, nami nilikuwa tabibu wa kuwaponya. Kila nilipowaponya maandishi yalijaa: "Asante tabibu!" "Bila wewe tungekwisha!" Tukifungua mlango mmoja, tunaonyeshwa zawadi nzuri zaidi nyuma ya mlango unaofuata. Tena kulikuwa na taa. Unaiwasha kila siku, na ukikosa siku moja inazimika, unaanza upya. Siku ya mia unapewa vazi la dhahabu. Siku za kawaida niliiwasha usiku, Mama akiwa amelala.

Usidhani nilikuwa na raha. Mwanzoni ndiyo, lakini baadaye nilichoka. Macho yaliniuma na alama zangu za hesabu zilikuwa za kusikitisha. Kila nilipotaka kuacha, niliwakumbuka wale watatu wanaonitegemea, nikaikumbuka na taa yangu. Nilikuwa kama mbuzi anayezunguka mti aliofungiwa, kila akizunguka kamba inakuwa fupi zaidi.

Sabato moja, siku ya tisini na saba ya taa yangu, Mama alikwenda baada ya chakula kumtazama mgonjwa. Watoto wa kanisa walikuwa na matembezi ya kilimani pamoja na Mwalimu Jacktone, na Elkana alikuwa miongoni mwao. Elkana ana pumu. Kila anapotoka, ni jukumu langu kumtilia mfukoni inhela, yaani kichupa chake cha dawa ya kuvuta.

"Kezia, si kuna kitu nimesahau?" aliniuliza mlangoni.

"Hakuna. Nenda, wenzako wanakuacha!" nilimwambia. Nilitaka aondoke haraka, kwa sababu kikosi kilikuwa kinaningoja kwenye mlango wa sita.

Vita vilipopamba moto, simu iliita. Jina lilitokea juu ya kioo: Mwalimu Jacktone. Nikipokea, nitasema simu ya Mama imefikaje mkononi mwangu siku ya Sabato? Papo hapo Kamanda akaandika: "Tabibu uko wapi? Tunakufa huku bana!" Nikakata simu. Ikaita tena. Nikakata tena. Naona haya kuandika hivyo, lakini ndivyo nilivyofanya.

Dakika kumi hazikuisha nikasikia mtu akigonga mlango kwa ngumi. Alikuwa Terry, msichana wa kidato cha kwanza, anahema na miguu imejaa vumbi.

"Kezia! Elkana hawezi kupumua! Dawa yake iko wapi? Mwalimu amewapigia mara mbili, mnakata!"

Inhela ilikuwa mezani, mbele ya macho yangu. Niliinyakua nikakimbia hata bila viatu. Tulimkuta Elkana amekaa chini, midomo imebadilika rangi, kifua kinapanda na kushuka kwa shida. Mwalimu Jacktone alimsaidia kuivuta dawa, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Nilimshika mkono nikilia. Polepole pumzi ikaanza kurudi. Tulimpeleka kliniki kwa bodaboda, na daktari akasema angepona, ila tulikuwa tumekaribia kuchelewa mno.

Jua lilipotua tulikuwa nyumbani. Mwalimu Jacktone alikuja kumjulia hali Elkana.

"Mama Kezia, nilipiga simu mara mbili ikakatwa," alisema.

"Sikuwepo, Mwalimu, lakini hapa hakuna wa kuikata. Ilikuwa pale kikapuni," Mama alijibu. Alisimama kukishusha kikapu. "Labda imeharibika. Hizi simu ni za kubahatisha tu."

Nilihitaji kunyamaza tu. Mama alikuwa ameshanitafutia uongo mwenyewe, bila kujua. Lakini Elkana alikuwa kitandani ananitazama, na sikuweza.

"Mama, haijaharibika," nilisema. Nikaitoa ile nzima mfukoni. "Ni mimi niliyekata."

Nilieleza yote, kuanzia simu mbovu hadi mlango wa sita. Mama aliketi. Hakupaza sauti, na hilo liliniumiza kuliko kupigwa.

"Huko ndani kuna nini hata ushindwe kutoka?" aliuliza.

"Wananihitaji, Mama. Wananiambia asante."

"Hapo nimekosa. Unafua, unapika, na sijui nilikwambia asante lini. Lakini wewe umenidanganya kila Sabato kwa miezi mitatu. Sasa waandikie hao watu kwamba unaacha, hapa mbele yangu."

Niliandika kwamba naacha. Nilidhani kikosi chote kingesambaratika kwa sababu yangu. Jibu la Kamanda lilikuja kabla sijafuta machozi: "Poa. Nani anajua kucheza tabibu?"

Nilimwonyesha Mama. Aliyasoma maneno hayo mara mbili.

"Umeona, mwanangu? Mimi sokoni hufunga jioni, hata Sabato huisha jua likitua. Mchezo huu umetengenezwa usiishe, ili usipate nafasi ya kutoka. Na wao walihitaji tabibu, yeyote yule. Sisi hapa tunamhitaji Kezia." Kisha akaongeza, "Na kuanzia leo tunamhitaji akisema kweli."

Siku iliyofuata taa yangu ilizimika, na mimi nililala vizuri. Ijumaa ilipofika niliweka simu kikapuni. Elkana alipanda kiti, akaitoa kwenye kava, akaibonyeza kuona kama inawaka. Sikumlaumu. Nilimtilia inhela mfukoni, naye akaniambia asante.