Ummulkheir na Geji ya Gesi

Kila asubuhi ya likizo ile, Ummulkheir alijitanda mtandio wake, akamfuata baba yake hadi kwenye gari la kazi. Walitoka mtaani kwao Al Baraha mapema, kabla jua halijawa kali, wakaelekea gereji. Mama yake alikuwa amerudi Malindi kumuuguza bibi. Fauziya, rafiki yake wa jengo lao, alikuwa Kampala hadi shule zifunguliwe. Joto la Dubai huwakimbiza watoto karibu wote, na wanaobaki hawajui wacheze na nani.

Gereji nako hakukuwa na wa kuzungumza naye. Mafundi walimsalimu, kisha wakaingia chini ya magari yao. Ummulkheir alikaa ofisini penye kiyoyozi, akichora, au akisikiliza tena na tena sauti alizotumiwa kwenye simu na binamu yake Kijakazi. Alijua kila neno, lakini alisikiliza tu ili asikie mtu anacheka. Hata hivyo, gereji ilikuwa afadhali kuliko chumba kitupu, na baba yake, Badawi, alikuwa amemwonya tangu siku ya kwanza.

"Hapa ni mahali pa hatari. Siku utakayonifanyia ujinga, utabaki nyumbani peke yako."

Wiki ile Badawi alikuwa akitengeneza gari la Mohannad, kijana wa mtaa wa Mirdif ambaye bibi yake alizaliwa Unguja. Mohannad alitaka gari lake liwekewe gesi ya naitrasi, ile inayolipa gari nguvu za ghafla. Badawi hakukubali mpaka alipoonyeshwa kibali cha kushindana uwanjani.

"Gesi yenyewe haiwaki," alimweleza binti yake. "Inaipa injini pumzi ya ziada tu. Injini ikipata pumzi nyingi, inataka petroli nyingi. Gesi ikizidi petroli, pistoni zinayeyuka na injini inapasuka."

Kwa hiyo alifunga pampu ya petroli yenye nguvu zaidi, na swichi ya kuzuia gesi mpaka dereva akanyage mafuta hadi mwisho. Chupa ya gesi aliifunga kwa mikanda ya chuma ndani ya buti la gari.

"Barabarani chupa inakaa imefungwa," alimwambia Mohannad. "Utaifungua kwenye uwanja wa mashindano tu. Hutaki, tafuta fundi mwingine."

"Nimekubali, fundi. Wallahi."

Kazi ya Ummulkheir ilikuwa kusoma geji, kipimo cha shinikizo la gesi kwenye chupa ile. Chupa ikipata joto, gesi hutanuka na mshale wa geji hupanda. Ukiwa kwenye rangi ya kijani, ni salama. Ukifika kwenye nyekundu, gesi itaingia kwa wingi kuliko petroli. Aliipenda kazi hiyo, maana ndiyo pekee iliyomfanya aulizwe kitu na mtu.

Siku ya kukabidhi gari, mafundi walipumzika mchana kama kawaida ya majira ya joto, na gari la Mohannad likabaki nje juani kwa sababu kivulini palijaa. Alasiri, Badawi aliita akiwa chini ya gari jingine, "Ummi! Hebu kaangalie geji ya chupa!"

Wakati huohuo Kijakazi alikuwa ametuma sauti mpya. Zilikuwa zimepita siku kadhaa bila neno kutoka kwake. Ummulkheir aliibana simu sikioni.

"Iko kwenye kijani, baba!" alijibu, bila kuinuka kitini.

"Ahsante, mwanangu."

Mohannad alifika akiwa na haraka ya kuwahi mashindano. Badawi akalifunga buti na kumpa ufunguo. "Nenda kwa amani. Chupa imepimwa. Binti yangu ameisoma mwenyewe, na neno lake nalitegemea."

Ummulkheir aliisikia sifa hiyo kutoka ofisini. Akisema kweli, kesho atafungiwa chumbani, na keshokutwa, na likizo nzima. Akinyamaza, hakuna atakayejua. Gari likawashwa, likaanza kutoka langoni. Alimwona Mohannad akimpungia mkono kwa furaha, na hapo hakuweza tena kuvumilia. Alitupa simu mezani, akakimbia hadi mbele ya gari na kunyoosha mikono.

"Sikuangalia! Baba, nimesema uongo! Sikuiangalia geji!"

Mohannad alikanyaga breki. Badawi alifungua buti. Mshale ulikuwa umevuka kijani, uko ndani ya nyekundu.

"Khalas," Badawi alisema. "Leo huendi."

"Lakini fundi, zamu yangu ni jioni hii!"

"Chupa lazima ipoe kivulini, taratibu. Zamu utapata nyingine."

Mohannad aliondoka kwa teksi amekasirika. Badawi akaketi karibu na binti yake. "Gari ningelitengeneza tena," alisema. "Mohannad angeungua, ningemtengeneza kwa spana gani?"

Ummulkheir alilia tu.

"Ungesema 'sijaangalia,' ningeenda mwenyewe. Neno hilo halina aibu. Umelisema umechelewa, lakini umelisema, na limemwokoa mtu. Hata hivyo, kesho utabaki nyumbani."

Kesho yake chumba kilikuwa kimya kama alivyokiogopa. Alipika chai, ikapoa bila kunywewa. Adhuhuri simu ililia.

"Ummi, umeshindaje?"

Alitaka kusema salama. Akajizuia. "Vibaya, baba. Niko peke yangu kila siku, hata huko gereji. Namkumbuka mama."

"Huo ndio ukweli ninaoutaka," baba yake alisema kwa sauti nzito. "Wa geji na wa moyo wako pia. Nisipoambiwa, siwezi kurekebisha kitu. Jitayarishe. Nakuja kula na wewe, kisha tutampigia mama yako pamoja."