Kutu Kwenye Bati Jipya

Bati jipya halitoi kutu. Hilo halihitaji fundi kulieleza. Kwa hiyo mshonaji alipokuta unga mwekundu kwenye shuka la mama mkwe wake, siku ya tatu tu baada ya paa jipya kukamilika, alijiambia ni vumbi, akalikung'uta nje, akarudi kwenye cherehani yake. Kesho yake aliukuta tena, na safari hii ulikuwa hadi kwenye midomo ya bibi huyo.

Chanzo alikijua, ila moyo wa mtu una vyumba vingi vya kufichia mambo.

Dhoruba ilikuwa imeng'oa paa la sebule na kukiacha chumba cha mama mkwe kama kilivyokuwa: mabati yaliyoliwa na kutu, yanayovuja juu ya kitanda cha mgonjwa wa kifua. Nyumba nzima ilitikisika usiku ule, lakini bati la chumba kile halikucheza hata kidogo. Fundi wa paa, ambaye mtaa mzima ulimwita Pima Mara Mbili kwa kuwa hakuwahi kupima hata mara moja, alipanda, akatazama, akashuka akicheka.

"Mama, bima hawalipi kutu. Wanalipa dhoruba. Niruhusu niyaguse kidogo kwa nyundo, tupige picha, upate paa zima."

"Si uongo huo, fundi?"

"Uongo gani? Dhoruba ilipita au haikupita?"

Mshonaji alikiwaza kifua cha bibi, akakubali. Fundi akapiga mara tatu, akapumzika, akapiga tena tatu, mpaka mabati yakachanika. Mkaguzi wa bima alipokuja aliuliza kama na chumba hiki kiliharibiwa na dhoruba. Mshonaji alimtazama machoni, akasema ndiyo, haki ya Mungu. Mkaguzi akaandika huku akitabasamu, maana ndiyo za namna hiyo alikwisha kuzisikia nyingi.

Sasa unga mwekundu ulikuwa ukishuka kutoka kwenye bati linalong'aa. Asubuhi ya siku ya tano mlio ukaanza. Bati hulia likipata jua, lakini siku hiyo mbingu ilikuwa imefunga. Tatu, kimya. Tatu, kimya. Kisha nyayo. Fundi akitembea juu ya paa hufuata mistari ya misumari, penye mbao chini, asije akalibonyeza bati. Huyu wa juu alitembea katikati, pasipo na mbao, kwa uzito wa mtu mzima, polepole, mpaka akafika juu ya kitanda na kusimama, na harufu ya chuma kilicholowa ikajaa chumbani, na bibi, ambaye wiki nzima hakuwa na pumzi ya kumaliza sentensi, akafumbua macho na kuuliza kwa sauti isiyokohoa:

"Nani aliivunja nyumba yangu?"

"Mama, ni mimi hapa, mkweo," mshonaji alinong'ona.

"Nimeuliza nani."

Fundi aliitwa. Alipanda ngazi na mizaha yake, akashuka bila mizaha wala nyundo.

"Kimenishika mkono," alisema kwa sauti ya chini. "Kikasema mkono ulitumwa tu, mdomo ndio ulioapa." Akaondoka mbio, hata ngazi akaisahau.

Mganga alikuja na mwavuli wake tu. Alikaa kitandani, akasikiliza kifua cha bibi kwa muda mrefu.

"Jini huyu hakuwa na ubaya nanyi," alisema. "Ndiye aliyelishikilia bati siku ya dhoruba. Mmemvunjia makazi, mkaisingizia dhoruba. Sasa amepata kifua cha kuhamia. Siku tatu zikiisha, bibi hatakuwepo."

"Nifanye nini, mganga?"

"Nenda kwa aliyeupokea uongo wako, umpe ukweli. Akiukataa, basi uongo ni wake."

Mshonaji aliogopa. Wangeweza kuling'oa paa, wangeweza kumpeleka mahakamani. Alikwenda hivyo hivyo, akamweleza mkaguzi kila kitu: nyundo, kiapo, nyayo.

Mkaguzi alicheka mpaka akavua miwani.

"Mama, faili nimeshalifunga. Usiniharibie kazi. Ni dhoruba, nimeandika dhoruba, na itabaki dhoruba. Na huyo fundi wako wa juu mwambie apite na kwangu, dari yangu imelegea."

Alirudi nyumbani akiwa amekata tamaa. Akamkuta bibi amekaa kitandani, shuka jeupe pe.

"Mwanangu, nina njaa," bibi alisema. "Na mbona leo kumetulia hivi?"

Mshonaji alimkumbatia, akalia kwa furaha bila kuona haya. Alikuwa jikoni akipuliza chai ya bibi ipoe simu ilipoita. Alikuwa mkaguzi, akizungumza kwa kunong'ona.

"Mama, yule wako... akishapiga mara tatu, hunyamaza kwa muda gani?"

"Kidogo tu. Kwa nini, bwana mkaguzi?"

Kwenye simu mshonaji alisikia bati likigongwa mara tatu, kisha kimya, kisha sauti ya mke wa mkaguzi, nzito na tulivu, ikiuliza nani aliivunja nyumba yake.

"Ni dhoruba," mkaguzi alijibu, na simu ikakatika.