Chupa Isiyotikiswa

Kila Jumamosi asubuhi mjukuu wangu ana kazi tatu: kufagia uwanja, kuosha viatu vya shule, na kupanga sanduku la dawa la mama yake. Hiyo ya tatu huifanya kwa heshima kubwa. Bandeji upande huu, mkasi ndani ya mfuko wake, chupa zimesimama wima. Mama yake, binti yangu, ni muuguzi anayewafuata wagonjwa majumbani kwa pikipiki. Tangu mtoto akiwa mdogo amemfundisha jambo moja kuhusu dawa za maji: tikisa kwanza, ndipo umimine. Sasa ana miaka kumi na miwili na hawezi kushika chupa bila kuitikisa, hata kama ni ya maji ya kunywa.

Jumamosi hiyo sanduku lilikuwa tayari, lakini pikipiki haikuwa tayari. Jana yake pedali ya breki ya nyuma ilizama chini ya mguu wa binti yangu kama vile amekanyaga sifongo. Alifika nyumbani akiisukuma pikipiki. Na saa nane mchana alitakiwa ng'ambo ya kilima, kwa mfinyanzi aliyeungua mguu kwenye tanuri lake. Bandeji yake ilikuwa haijabadilishwa tangu juzi. Njia ya kwenda huko inateremka wima mpaka darajani, na yote ni kokoto.

Fundi alifika saa nne, vifaa vyake vimo katika begi kuukuu la shule. Watu humwita Taratibu, kwa sababu neno hilo halikauki mdomoni mwake. Alinisalimu, akaizunguka pikipiki mara mbili bila kuigusa.

"Hii ni ya rika langu," alisema. "Ukiipigia kelele, inanuna. Dokta, niletee kitambaa kikavu."

Dokta ndiye mjukuu wangu. Fundi ndiye aliyempa jina hilo, na mtoto analipenda kuliko anavyokubali.

Fundi alitazama pedi za breki. Bado zilikuwa nene. Akaufuata mpira unaopitisha mafuta ya breki kwa kitambaa, kidogo kidogo, kuanzia gurudumuni. Pale unapoungana na pampu, kitambaa kilipata doa la unyevu.

"Hapa," alisema. "Mafuta yametoka, hewa imeingia. Mafuta ukiyasukuma, yanasukuma breki. Hewa ukiisukuma, inajikunja tu na kukucheka. Kwa hiyo adui yetu leo ni hewa."

Alibadilisha kipete cha shaba kilicholika kwenye kiungo hicho, akakikaza. Kisha akagawa kazi. Binti yangu atakanyaga pedali. Yeye mwenyewe atalala kando ya gurudumu na spana, afungue na kufunga nati ya kutolea hewa. Kwenye nati alichomeka mrija mwembamba unaoonyesha ndani, ncha yake ikazama katika chupa ya jemu.

"Na mimi?" aliuliza mjukuu wangu.

"Wewe una kazi kubwa. Unakiona hiki kikopo cha mafuta ya breki? Kila yakishuka karibu na mstari, ongeza kutoka kwenye ile chupa. Yakiisha, tunavuta hewa upya na jasho letu lote ni bure. Unaweza?"

"Mimi ni mtoto wa muuguzi, Fundi. Chupa nazijua."

"Basi nimepata mtu."

Kabla ya kulala chini, fundi alikunja gunia lake mara mbili. Nilidhani ni la mgongo wake. Alilitandika pale mtoto atakapopiga magoti, yeye akalala kwenye udongo.

Wakaanza. Mimi nilikuwa kibarazani, nashona kifungo cha sare ya binti yangu.

"Kanyaga."

"Nimekanyaga."

"Shika hivyo hivyo." Nati ikafunguliwa, mapovu yakakimbia ndani ya mrija, nati ikafungwa. "Achia. Taratibu. Kanyaga."

Mapovu ya kwanza yalikuwa makubwa kama maharage. Baadaye yakawa kama punje za mchele. Kila mara kikopo kilipopungua, mjukuu wangu aligeuka nyuma, akaichukua chupa, kisha akamimina bila kumwaga hata tone. Fundi, aliyekuwa akitazama mrija tu, alimsifu.

Saa tano ikapita. Saa sita ikapita. Mapovu sasa yalikuwa madogo kama vumbi, lakini hayakwisha. Pedali ilipanda kidogo, ikazama tena.

"Mguu wangu umeanza kulia, Fundi," alisema binti yangu.

"Uambie na mgongo wangu unaitikia."

Alikagua kile kiungo tena. Kilikuwa kikavu kabisa. Akakaa, akajifuta uso kwa kiwiko.

"Nesi, sipendi kusema hivi. Nadhani mipira ya ndani ya pampu imekufa. Kuipata ni mpaka Jumatatu."

"Nitakwenda na breki ya mbele."

"Kwenye mteremko ule? Ukiikamata ya mbele peke yake juu ya kokoto, pikipiki inakulaza. Mimi sikuruhusu. Nenda ukanishtaki."

Binti yangu alikwenda kuchukua viatu vyake vya kutembelea. Kwa miguu ni saa tatu kwenda, na kidonda kile hakikuwa cha kungoja jioni.

Hapo nikamwona mjukuu wangu anaitazama ile chupa ya mafuta. Aliitazama kwa muda mrefu. Kisha akaigeuza polepole, ubavu wenye dirisha la kupimia ukaelekea ukutani. Sikuelewa, lakini uso wake niliuelewa. Nikaweka sindano chini, nikamngoja.

Mama yake alikuwa anafunga kamba ya kiatu cha pili.

"Mama, usiende," alisema mtoto. Sauti ilikuwa ndogo. "Fundi, pampu haijafa. Ni mimi."

"Wewe umefanyaje?"

"Nimeitikisa chupa. Kila nilipoongeza." Akaigeuza, akamwonyesha. Ndani, mafuta yalikuwa yamejaa vipovu vyeupe kama maji ya sabuni. "Nimeviona sasa hivi. Nilitaka kunyamaza, kwa sababu nilisema chupa nazijua."

Fundi aliipokea chupa, akaiinua kwenye mwanga.

"Kumbe tunatoa hewa huku chini, na huku juu Dokta anaiongeza," alisema. Mabega yake yakaanza kutikisika, alikuwa anacheka. "Dokta wangu, breki haina homa. Haihitaji kutikiswa."

Mtoto hakucheka. "Nimewapotezea saa mbili."

"Umetupotezea. Na umetuokolea siku mbili. Bado tuna saa moja na nusu. Tutalia au tutafanya kazi?"

"Tufanye kazi."

Fundi alichimba begini, akatoa chupa ndogo mpya ambayo haijafunguliwa. Aliyanyonya kwa bomba la sindano mafuta yote yaliyokuwa kikoponi, akayaweka kando. Mjukuu wangu aliibeba ile chupa mpya kwa viganja viwili, kama anabeba yai, akamimina kwa kuinamisha ukingo, uzi mwembamba usiokatika.

"Kanyaga."

"Nimekanyaga."

Mtoto alihesabu kwa midomo. Kufikia ishirini, mapovu ya vumbi yalipungua. Kufikia thelathini na tano, yalipita matatu. Arobaini na mbili: mrija ulikuwa safi, rangi ya chai isiyokolea. Wakarudia mara tano zaidi ili wahakikishe. Binti yangu alikanyaga, pedali ikakataa kuzama. Ilikuwa ngumu kama jiwe.

Fundi alimwaga maji safi palipodondokewa na mafuta, maana mafuta hayo hula rangi ya pikipiki, kisha yeye mwenyewe akaiendesha pikipiki uwanjani mara tatu, akifunga breki kila mara. Saa saba na nusu, sanduku la dawa lilikuwa limefungwa nyuma.

Binti yangu alivaa kofia ngumu, kisha akachuchumaa mbele ya mtoto.

"Sikiliza. Kazini kwangu nikikosea dawa, kitu cha kwanza si kulia wala kujitetea. Cha kwanza ni kusema, mgonjwa akiwa bado anaweza kusaidiwa. Kuna watu wazima wanaoshindwa. Wewe leo umeweza, na hukuwa umeulizwa. Na siku nyingine, kitu usichokijua, uliza kabla hujakigusa. Hata kama kinafanana na unachokijua."

"Sawa, Mama."

Aliondoka. Tuliisikia pikipiki ikipanda kilima, ikapunguza mwendo kileleni, ikateremka taratibu. Mtoto alisimama getini mpaka mlio ulipokwisha, kisha akaja kuniomba karatasi, gundi na kalamu.

Ile chupa mpya ya fundi sasa iko rafuni kwenye karakana yake. Ubavuni ina karatasi yenye herufi kubwa, zimenyooka vizuri: USITIKISE. Chini yake, kwa herufi ndogo, mjukuu wangu ameongeza: Ukiwa umeshatikisa, sema.