Vigae Vinane kwenye Skrini

Kila Jumapili alasiri fundi vigae alikuwa akimpigia simu binti yake. Binti alikuwa nchi ya mbali, mwaka wa tatu sasa, akifanya kazi ya kuandika programu za kompyuta.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mama. Umekula?"

"Nimekula."

"Na kazi?"

"Nzuri tu. Ni mambo ya programu, baba. Nikianza kukueleza nitakuchosha bure."

Hapo mazungumzo yalikauka. Dakika tatu hazijaisha, wameshaagana. Fundi alibaki ameshika simu, macho kwenye mlango wa chumba cha binti. Mkewe alikuwa ameshafariki. Chumba kile alikifagia kila wiki, ingawa hakikuwa na mtu wa kukichafua.

Siku moja alikuwa akibadilisha kigae bafuni kwa jirani yake, mwalimu wa kompyuta katika maktaba ya mtaa.

"Mwalimu," alisema, "hiyo programu ni kitu gani hasa?"

"Ni maagizo, fundi. Unaiandikia kompyuta hatua moja moja, nayo inazifuata kwa mpangilio ule ule. Njoo Jumamosi, nina darasa la wanaoanza."

"Mimi? Kichwa hiki kimejaa saruji."

"Vizuri. Nikikufundisha kitu kitashika."

Fundi alicheka, lakini Jumamosi alikwenda. Vidole vyake vinene vilibonyeza herufi mbili kwa mpigo. Mwalimu hakumharakisha.

"Ukipanga safu ya vigae, unafanyaje?" alimuuliza.

"Naweka kimoja. Naweka kingine. Nikifika ukutani, naacha."

"Basi programu unaijua nusu. Kuweka tena na tena, huko ni kurudia. Na 'nikifika ukutani' ni sharti. Sharti ndilo linaloiambia kompyuta iache lini."

Jumamosi ya tatu fundi aliandika programu yake mwenyewe. Alitaka kompyuta ichore vigae vinane. Alibonyeza. Vigae vikamiminika, safu juu ya safu, vikajaza skrini nzima na bado vinakuja. Fundi aliondoa mikono kama aliyeungua.

"Nimeiharibu."

"Hujaharibu kitu." Mwalimu aliisimamisha. "Kukosea ndiyo kazi yenyewe. Sasa soma ulichoandika, mstari kwa mstari, kwa sauti."

Fundi alisoma polepole. "Hesabu inaanza na sifuri. Rudia maadamu hesabu haijafika nane. Chora kigae."

"Hesabu inaongezeka wapi?"

Alitafuta. Hakuona.

"Lakini si inajua? Ukichora kimoja, umehesabu kimoja."

"Unayejua ni wewe, fundi. Yenyewe ilibaki kwenye sifuri. Usichoiambia, haikijui."

Chini ya agizo la kuchora, fundi aliongeza mstari: ongeza moja kwenye hesabu. Akabonyeza tena. Vigae vinane vikajipanga, vikatulia.

Wenzake walimpongeza. Yeye aliitazama safu ile. Mawazo yalikuwa yameshasafiri. Kabla ya kutoka, alimwomba mwalimu amsaidie kuituma programu kwa binti.

Kesho yake simu iliita kabla hajapiga.

"Baba, hii umeiandika wewe?"

"Mimi. Mwanzo vigae vilijaa skrini nzima. Nilisahau kuongeza hesabu."

Binti alicheka, kicheko ambacho fundi hakuwa amekisikia tangu siku ya kumsindikiza uwanja wa ndege. "Hata mimi juzi nilisahau mstari kama huo. Nililitafuta kosa tangu asubuhi hadi mchana."

"Mama, kuna jambo sijawahi kukuambia. Nimekukumbuka sana. Kila nikitoka kazini, naangalia mlango wa chumba chako."

Sauti ya binti ililowa machozi.

"Nilidhani umezoea, baba. Hujawahi kusema."

"Nilidhani unajua."

"Sikujua."

Siku hiyo waliongea saa nzima. Binti bado hajarudi, na likizo yake iko mbali. Hamu haijamwisha fundi, pengine haitaisha. Lakini sasa kila Jumapili huenda kwa mwalimu kuazima kompyuta, na binti hufungua yake huko aliko.

"Haya, baba," husema binti. "Leo programu imekwama wapi?"

Fundi huvaa miwani, akaweka kidole kwenye mstari wa kwanza, na kuanza kumsomea.