Abiria wa Ndui

Ilianza na harufu. Maabara ile ilinuka spiriti siku zote, mpaka nguo unarudi nazo nyumbani zinanuka. Lakini asubuhi ile mtafiti alipofungua kabati la joto wanamooteshea seli, alipokewa na mafuta ya nazi yaliyotiwa karafuu. Mafuta ya nywele ya dada yake. Na dada yake alikuwa kaburini.

"Nani kapaka mafuta humu?" aliuliza.

Kipara, mwenzake wa kazi, alijipapasa utosi. "Mimi? Nipake wapi?"

Akacheka. Angejua, asingecheka.

Kazi yao ilikuwa hii: walichukua kirusi cha jamii ya ndui, kile kipole cha kutengenezea chanjo, wakakipachika jeni isiyo yake. Kirusi kikawa punda, jeni ikawa abiria. Punda akiingia ndani ya seli, abiria anashuka na kujionyesha, na mwili unajifunza kumjua adui yake. Abiria wa safari hii alitoka kwenye uvimbe uliomuua dada mtu. Kabla hajakata roho, marehemu alimshika mtafiti mkono kitandani, sauti imebaki uzi: "Mdogo wangu, mnizike mzima. Usiniache kwenye friji." Mtafiti akaapa. Maiti ikiwa bado ina joto, akakata kipande. Ilikuwa huzuni, na tamaa ya sifa nayo ilikuwamo, tusidanganyane.

Halafu siku moja kazini, kwa bahati mbaya, akajichoma sindano yenye kirusi kile kwenye kidole gumba. Akanyamaza, maana angesema wangemsimamisha kazi. Kidole kikatoa kidonda cha duara, chenye kishimo katikati. Mchana mmoja akiosha vyombo, kidonda kikanong'ona kwa sauti ya dada yake.

"Mdogo wangu. Huku baridi."

Jamani, si angepiga yowe! Wapi. Alikaa sakafuni akakisogeza sikioni, akalia, akacheka, wakakumbushana utoto wao. Kila siku alikuwa na miadi na kidole chake, mpaka kidole kikasema: "Nionyeshe mwanangu."

Mwana mwenyewe ni Kidoti, binti wa marehemu, ambaye duniani alibakiwa na mama yake mdogo tu, huyo huyo mtafiti, na kwake ndiko alikoishi. Mtafiti alimkuta kwenye kochi akiongea peke yake.

"Unaongea na nani, mwanangu?"

"Na mama. Anasema ulimkata."

Hapo ndipo akili ilipomrudia. Akamwambia Kipara yote, na Kipara akamleta shangazi yake, mganga, mama mkali asiyetaka hata chai. Mganga alikamata kile kidole akakiuliza: "Wewe nani?"

Sauti iliyojibu haikuwa tena ya dada. Ilikuwa nzito, yenye kicheko. "Abiria. Nilikuwa nazurura sina kiti. Huyu akavunja kiapo cha maiti, akanifungulia mlango, akanitandikia na punda. Sauti nimeikuta humo humo, nikaivaa."

"Unataka nini?"

"Mtoto. Ni damu ile ile. Atanienea."

Mganga akamgeukia mtafiti. "Teketeza kila kilichotoka kwa marehemu. Kila kitu, umenisikia? Kikibaki kimoja, atakaa hapo hapo."

Akateketeza. Chupa, sahani, vyote aliviingiza kwenye jiko la mvuke la kuulia vijidudu, na kidonda kikakauka huku anakitazama. Lakini mtu wa maabara hamalizi mbegu, ni mazoea yaliyomwingia mifupani. Kichupa kimoja kilibaki ndani ya friji, chini kabisa kwenye barafu. Akiba haiozi, alijiambia.

Nyumbani alimkuta Kidoti chini ya mablanketi, jua la mchana limejaa chumbani, midomo imekuwa ya bluu na meno yanagongana. Kidole gumba cha mtoto kilikuwa na duara.

"Mama mdogo," alisema Kidoti, "mbona umeniacha kwenye friji?"

Akamwita mganga, akamwachia mtoto, akakimbia, akakimbia bila viatu mpaka maabara, akakichimbua kichupa kwenye barafu, akakitupa kwenye jiko la mvuke, akafunga mfuniko na kuwasha, na joto lilipoanza kupanda simu ikalia, na kabla hajasema neno akamsikia mganga analia, yule mama mkali analia: "Zima! Unafanya nini huko? Mtoto anababuka, ngozi inatoka, zima!" na nyuma yake ukelele wa Kidoti.

Akazima. Akakirudisha kichupa kwenye barafu kwa mikono yake mwenyewe, na ukelele ukakoma.

Mpaka leo kimo humo, na mtafiti ndiye mlinzi wake. Umeme ukiyumba tu, roho inamruka. Kidoti yu hai, anatetemeka usiku na mchana, na mama yake mdogo akimkumbatia ampe joto, mtoto humwekea mdomo sikioni na kumwambia, kwa ile sauti nzito:

"Akiba haiozi, mdogo wangu."