Grafu ya Ijumaa

Kila asubuhi, kabla ya kengele ya pili, Msumari, kiranja wa darasa la sita, alisimama mbele ya wenzake na daftari la mahudhurio mkononi. Aliyekuwepo alimwekea vema, asiyekuwepo sifuri. Wenzake walimbandika jina hilo kwa sababu alikuwa msichana mwembamba na hapindiki. Akishika jambo lake, ameshika.

Jumatatu moja, wanafunzi wakiwa mstarini, Mwalimu Mkuu alipanda kwenye ngazi za ofisi akiwa amekunja uso.

"Matokeo ya mtihani yametuaibisha," alisema. "Kuanzia wiki hii, kuchora, kuimba na kufinyanga basi. Vipindi vile viwili vya Ijumaa ni vya hisabati, na nitafundisha mwenyewe. Wimbo haujawahi kumfaulisha mtu."

Mwalimu wa sanaa alimkabidhi ufunguo wa kabati la rangi na udongo.

Msumari aliketi dawati moja na msichana waliyemwita Chiriku. Hesabu za sehemu zilimkaba Chiriku kama mwiba wa samaki kooni. Lakini akianza kuimba, hata darasa la jirani lilinyamaza, na donge la udongo mikononi mwake liligeuka kuku anayetaka kudonoa. Ijumaa ya kwanza ya hisabati hakuja. Ya pili hakuja. Wiki iliyofuata hakuonekana hata Jumatatu.

Jumanne jioni Msumari alimfuata kwao. Alimkuta uani, amembeba mdogo wake mgongoni, anasugua sufuria.

"Unaumwa?"

"Siumwi."

"Sasa mbona huji shule?"

Chiriku aliendelea kusugua. "Siku nne za wiki naambiwa sijui. Ijumaa ndiyo ilikuwa siku yangu ya kujua. Sasa nije kufuata nini?"

Msumari alirudi nyumbani amevimba kwa hasira. Mama yake, fundi cherehani, alikuwa anapindia sketi ya shule.

"Mama, kesho namwambia Mwalimu Mkuu amekosea."

"Utamwambiaje?"

"Nitamwambia tu."

Mama alikata uzi kwa meno. "Kelele hata debe tupu linapiga. Mkubwa akikosea, anaambiwa kwa adabu, na kwa jambo asiloweza kulikana. Unalo?"

Msumari alitoa daftari la mahudhurio kwenye mkoba, akaanza kuhesabu sifuri.

Ijumaa, Mwalimu Mkuu aliingia darasani na rula ndefu ya ubaoni. Somo lilikuwa grafu za mihimili. Alipomaliza kueleza, aliuliza nani angekuja kuchora mfano wake mwenyewe. Mkono wa Msumari ulikuwa juu kabla hajamaliza kuuliza.

Alichora mihimili mitano. Miwili ya kwanza ilikuwa mifupi kama visiki: wanafunzi wawili, wanafunzi wawili. Wa tatu ulifika saba, wa nne kumi na mmoja, wa tano kumi na sita. Juu yake akaandika: *Wasiokuja shule siku ya Ijumaa.*



"Namba hizi umezitoa wapi?" Mwalimu Mkuu aliuliza.

"Kwenye daftari la mahudhurio, Mwalimu. Ijumaa mbili za kwanza tulikuwa na sanaa. Wa mwisho ni leo."

"Nani amekutuma?"

"Sijatumwa, Mwalimu." Aligusa mhimili wa mwisho. "Watu kumi na sita hawapo. Sanaa hawaisomi, na hisabati pia hawaisomi."

"Futa."

"Mwalimu, nikifuta ubaoni, daftarini zinabaki."

"Toka nje. Jumatatu uje na mzazi wako."

Jumatatu Msumari alifika ofisini na mama yake, aliyekuwa na futi ya kupimia shingoni, kwa maana alitoka moja kwa moja kwenye cherehani.

"Binti yako amenivunjia heshima mbele ya darasa," Mwalimu Mkuu alisema.

"Kama alikutukana, Mwalimu, ataomba radhi sasa hivi. Alikutukana?"

"Hapana."

"Alidanganya?"

Mwalimu Mkuu aliyatazama madaftari yaliyorundikwa mezani. Jumamosi nzima alikuwa ameyapitia, darasa kwa darasa.

"Hakudanganya," alisema taratibu. "Darasa la nne hali ni mbaya zaidi."

"Mimi nilisoma hapa hapa, kabla wewe hujaja," mama alisema. "Hisabati ilinifundisha kupima. Lakini kukata kitambaa kikamkaa mtu nilijifunza kwenye kipindi cha ufundi. Bila kipindi hicho ningeacha shule mapema, na hata hiyo hisabati nisingeipata."

Mwalimu Mkuu alimgeukia Msumari. "Na wewe una la kusema?"

"Naomba radhi kwa kukukosoa mbele ya watu, Mwalimu. Nilipaswa kuja ofisini kwanza. Lakini kwa grafu siombi radhi."

Mwalimu Mkuu alifungua mtoto wa meza, akatoa ufunguo wa kabati, akamwita mwalimu wa sanaa.

Ijumaa hiyo asubuhi Msumari alipita kwa kina Chiriku. "Vaa sare," alimwambia. "Leo kuna udongo."

Muhula ulipokwisha, Chiriku hakuongoza katika hisabati. Alipata thelathini na nane. Ila safari iliyopita alipata ishirini na mbili, na tangu arudi hakukosa hata siku moja.

Siku ya kufunga shule, Mwalimu Mkuu alisimama tena kwenye zile ngazi.

"Nilidhani nikiondoa nyimbo na michoro, hisabati itanawiri," alisema. "Kumbe nilikuwa naondoa watoto. Mtoto hujifunza kwa kichwa, kwa mikono na kwa koo lake. Mlango mmoja ukifungwa, huenda asiingie hata kwa ule ulioachwa wazi. Aliyenionyesha hilo ana miaka kumi na miwili, na nilimtoa nje ya darasa. Nilikosea, na nasema hivyo mbele yenu wote, kama yeye alivyoniambia mbele ya wote."