Picha ya Twahir na Vitambaa vya Bi Muhsina

Bi Muhsina hakupenda kitu kikae wazi. Mtungi wa maji aliufunika kwa kawa. Mkate aliufunika. Redio aliishonea kitambaa cha maua, na simu ya mezani ikapata cha kwake, chenye pindo la buluu. "Kitu kisichofunikwa ni kitu kisicho na mwenyewe," alizoea kusema. Majirani wa Mwabungo walimtania kwamba siku moja angemshonea hata paka. Hakukasirika. Alikuwa mama wa mapenzi, na mapenzi yake yalipitia kwenye sindano.

Kaskazi ya mwaka 1999 ilimletea furaha kubwa. Mkaza mwanawe, Asiya, alijifungua mtoto wa kiume. Mtoto akaitwa Twahir. Baba yake, Mbwana, alikuwa baharia katika meli ya mizigo. Aliondoka nyumbani mimba ikiwa changa, na hakuwa amemwona mwanawe bado.

Katika chumba cha mbele Asiya alikuwa na ofisi ndogo yenye kompyuta mbili. Aliwapigia watu barua chapa, na aliwafundisha kompyuta vijana waliotafuta kazi katika hoteli za Diani. Kompyuta zote mbili zilitumia laini moja ya simu. Kwa hiyo palikuwa na visanduku viwili. Kimoja ni modemu. Kazi yake ni kuunganisha kompyuta na laini ya simu. Cha pili ni rauta. Hicho huigawa njia hiyo, ili kompyuta zote mbili ziitumie.

Lakini sasa Asiya alikuwa ndani ya arobaini. Mzazi hatoki nje, wala hafanyi kazi. Bi Muhsina alimkanda kwa maji ya moto na kumpikia uji wa pilipili manga. Ofisi aliisafisha yeye mwenyewe, kila siku, mpaka ikang'aa.

Asubuhi moja Asiya alimwomba mama mkwe amruhusu afungue kompyuta kidogo tu. Alikuta barua pepe ya Mbwana.

"Mke wangu, tumefunga gati Durban. Hapa kwenye klabu ya mabaharia wana kompyuta. Nitumie picha ya mwanangu. Jioni tunang'oa nanga, na bandari inayofuata ni mbali sana. Mimi siondoki kwenye kiti hiki."

Picha ilikuwa tayari. Mpiga picha wa Ukunda alikuwa ameileta katika disketi na kuiingiza mwenyewe ndani ya kompyuta. Asiya alimjibu mumewe kwa maneno mawili matatu, asubiri. Barua ikaenda. Kisha akaituma picha. Mstari wa buluu ukaanza kutembea kwenye kioo. Ukafika nusu, ukasimama. Mtandao umekatika.

Akajaribu tena. Ukakatika tena. Akahamia kompyuta ya pili. Mambo yakawa yale yale. Asiya akaingiwa na wasiwasi. Akazichomoa nyaya zote nyuma ya kompyuta na ukutani kwa mkupuo, akazirudisha kwa kubahatisha. Sasa hata barua fupi haikuenda.

Asiya akalia. "Atakaa pale kutwa nzima, mama. Ataondoka bila kumwona."

"Usilie, mwanangu, maziwa yatakimbia," alisema Bi Muhsina. "Hii ni chumvi ya bahari, imeila mitambo. Ngoja nimwite Syovata."

Syovata alikuwa jirani yao. Wazazi wake walitoka Ukambani wakapata shamba huku. Yeye alisomea kompyuta, na kazi yake ilikuwa kuzitengeneza katika hoteli moja ya Diani. Siku hiyo alikuwa mapumzikoni. Alikuja mikono ikiwa bado na povu la sabuni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Tuokoe."

Syovata alitazama nyaya zile, akacheka kidogo. "Mama Twahir, hii kazi haitaki haraka. Mgonjwa hapewi dawa zote mara moja. Akipona, utajua ni gani imemponya?"

"Nilibabaika, dada," alisema Asiya.

"Ni sawa. Sasa tutaangalia kitu kimoja kimoja." Syovata akarudisha kila waya mahali pake. "Kwanza niambie. Picha ilikataa kwa kompyuta moja ama zote?"

"Zote mbili."

"Basi kompyuta tuziache. Haziwezi kuugua pamoja ugonjwa mmoja."

Akachukua barua moja kutoka kompyuta ya kwanza, akaipeleka kwenye ya pili kupitia rauta. Ikafika mara moja.

"Rauta ni nzima. Nyaya zake pia." Kisha akainua simu, akasikiliza. "Laini inalia vizuri, haina kelele. Tumebaki na modemu peke yake. Iko wapi?"

Asiya akaonyesha kabati la vioo. Ndani yake, katikati ya vikombe vya wageni, visanduku viwili vilikaa vimevaa vitambaa vipya vya maua mekundu, vimefunikwa mpaka chini.

Syovata akavisogelea. Aliuliza tu, "Kabla ujifungue, mtandao ulikuwa unakatika hivi?"

"La. Hata siku moja."

"Basi ni nini kimebadilika?"

Asiya akainamisha uso. Alijua ni nani aliyevishona vitambaa vile.

Bi Muhsina akajibu mwenyewe. "Nimevishona mimi. Nikavitia kabatini, vumbi lisiviguse."

"Mama, hebu weka mkono hapa," alisema Syovata kwa upole, akifunua modemu.

Bi Muhsina aliugusa ubavu wa modemu, akauondoa mkono upesi. "Yallah! Inachoma!"

"Ikifanya kazi hutoa joto. Haya matundu unayoyaona ni ya kupumulia. Tukiyafunika, joto halina mahali pa kutokea. Barua fupi inaenda kabla haijapata moto sana. Lakini picha inachukua muda mrefu. Modemu inachemka, inazirai katikati ya njia."

Bi Muhsina akakaa kwenye kiti taratibu. "Kumbe ni mimi niliyemzuia mwanangu asimwone mwanawe," alisema.

Asiya akapiga magoti mbele yake, akamshika mikono. "Hukumzuia, mama. Ulivitunza kama unavyotutunza sisi."

"Na vitambaa visitupwe," alisema Syovata. "Ukiizima na ikipoa, ifunike. Vumbi na chumvi ya bahari ni adui kweli, hapo umesema sawa. Ikiwa kazini, iwe wazi."

Wakaizima. Wakaihamishia juu ya meza, karibu na dirisha lakini mbali na jua. Ilipokuwa ikipoa, Bi Muhsina hakuweza kukaa bure. Alichukua kipepeo cha ukindu akaipepea modemu, na Syovata akacheka mpaka akashika ukuta.

Kisha wakaviwasha kwa utaratibu. Modemu kwanza, wakangoja taa zake zitulie. Halafu rauta. Mwisho kompyuta moja.

"Na mtu asiinue simu," alisema Syovata. "Ukiinua, unakata."

Asiya akaituma picha. Mstari wa buluu ukatembea. Ukafika nusu, na Bi Muhsina akashika tasbihi yake kwa nguvu. Mstari ukapita nusu. Ukaendelea polepole mpaka ukafika mwisho.

Wakangoja. Mwishowe jibu likaingia. Asiya akalisoma kwa sauti.

"Nimemwona. Alhamdulillahi. Macho ni ya mama, pua ni yangu. Nimelia mbele ya watu na sioni haya. Lakini mwambie mama, kwa heshima zote..."

Asiya akanyamaza.

"Soma," alisema Bi Muhsina.

"Mwambie mama, kaskazi yote hii, mbona mtoto amefungwa nguo mpaka kidevuni? Nimeona uso tu. Mfunueni kidogo, apumue."

Syovata akageukia dirishani. Kisha Bi Muhsina akaangua kicheko, akacheka mpaka akafuta machozi kwa ncha ya leso yake. Akaenda kitandani, akamvua Twahir shali, kisha blanketi, kisha kofia ya sufu. Shingo ya mtoto ilikuwa imelowa jasho. Twahir alijinyoosha, akarusha miguu yote miwili hewani.

"Mwandikie baba yake upesi, kabla hawajang'oa nanga," alisema Bi Muhsina. "Mwambie nimemfunua. Na vidole vya miguu pia ni vyake."

Tangu siku hiyo mtandao wa ofisi ile haukukatika tena ovyo. Kila jioni Bi Muhsina ndiye huizima modemu. Huigusa kwanza kwa kiganja, kama anavyoligusa paji la uso la Twahir. Akiona imepoa, huivisha kitambaa chake.